Mchagua Jembe: Mpiga Gitaa baina ya Programu na Kisanduku

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii humkemea yule anayepoteza asubuhi nzima akipima mipini ilhali wenzake wamekwisha kumaliza ngwe zao. Hata hivyo, wahenga hao hao hawakusema kwamba majembe yote ni sawa, wala hawakumwamuru mkulima mwenye fedha za jembe moja tu afumbe macho aingiapo dukani. Hapo ndipo alipo mpiga gitaa wa siku hizi.

Kwa miongo mingi, gitaa la umeme lilitegemea amplifaya ya vali, ile inayokuza sauti kwa mirija ya kioo yenye joto. Mirija hiyo ndiyo iliyolipa gitaa ukali na utamu wake. Ila yake ni uzito na bei. Fender Twin Reverb ina uzito wa karibu kilo 30, na asiye na gari hawezi kuizungusha mjini. Fauka ya hayo, vali hutoa utamu wake kamili inaposukumwa kwa nguvu, nguvu ambazo jirani wa nyumba ya kupanga hatazistahimili hata usiku mmoja.

Ndipo ukaja uigaji. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa POD, kijisanduku chekundu kilichokusanya vivuli vya amplifaya nyingi mahali pamoja. Mwaka 2002 IK Multimedia ya Italia ikatoa AmpliTube, programu inayofanya kazi hiyo ndani ya tarakilishi. Tangu hapo njia zimekuwa mbili. Kiini chake hata hivyo ni kimoja: mtikisiko wa uzi hupimwa mara makumi ya maelfu kwa kila sekunde, vipimo vikageuzwa tarakimu, tarakimu zikakokotolewa ziige tabia ya amplifaya, kisha zikarejeshwa kuwa sauti. Kisanduku nacho ni tarakilishi, ila imevishwa chuma na kufunzwa kazi moja.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili jijini Nairobi alifika kwenye njia panda hiyo akiwa na akiba ya mwaka mzima, aliyoichuma kwa kuwafunza watoto wa mtaani mwake masomo ya ziada. Ijumaa usiku hupiga gitaa na bendi hotelini, Jumapili hupiga kanisani, na siku zilizosalia hurekodi tungo zake chumbani. Fedha zake zilitosha kitu kimoja. Akikosea, ingembidi angoje mwaka mwingine.

Programu ilimvuta kwanza, kwa kuwa tarakilishi alikuwa nayo. Alihitaji tu kiunganishi cha kuingizia sauti ya gitaa. Hata programu yenyewe si lazima inunuliwe: Neural Amp Modeler, ambayo hujifunza tabia ya amplifaya halisi kwa kuisikiliza, hutolewa bure. Tena mtu aliyekwisha kurekodi anaweza kubadilisha amplifaya kesho yake bila kupiga upya hata noti moja, sawa na mwandishi anayebadilisha kivumishi bila kuandika upya sura nzima.

Lakini programu ina usiri wake, maana tarakilishi hukusanya sauti mafungu mafungu kabla ya kuikokotoa. Fungu la sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, lina urefu wa takriban milisekunde 5, na safari ni ya kwenda na kurudi. Sauti hewani husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Basi milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita 3 na ushei kutoka kwenye spika. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni tarakilishi kukwama katikati ya wimbo, ukumbi ukiwa umejaa. Jambo zito zaidi ni kwamba tarakilishi hiyo ndiyo iliyobeba tasnifu yake. Kuipakia kwenye matatu usiku wa manane, kila Ijumaa, ni kuyaweka masomo yake rehani kwa ajili ya nyimbo tano.

Kisanduku hakina hofu hizo. Huwashwa, hukanyagwa, hutii. Mwaka 2013 bendi ya Metallica ilipiga muziki katika bara la Antaktika kwa kutumia vifaa vya namna hii, wasikilizaji wakisikia kwa vipokea sauti vya masikioni tu, bila spika moja kunguruma. Kwa upande wa umri vilevile, kisanduku hakijali mabadiliko ya tarakilishi. Mwaka 2019 Apple ilipoacha kuhimili programu za biti 32, programu nyingi za muziki zilinyamaza. Dosari yake ni bei, na kwamba kikiungua, fundi wa kukifungua hapatikani kila kona.

Kuna swali jingine ambalo bei haliligusi: sauti hizi ni za nani? Vivuli vingi vilivyomo, katika programu na katika kisanduku, ni vya amplifaya za Marekani na Uingereza. Mpiga benga hutaka sauti safi, kavu, inayodunda kama matone juu ya bati, na hataikuta ikiwa imetajwa kwa jina. Itambidi aifinyange mwenyewe. Wapo wanaosema basi kwamba uigaji wote ni uongo. Wamesahau kwamba gitaa la benga lenyewe lilijifunza kudonoa kutoka kwa nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi nane. Lilianza kwa kuiga, likazaa lugha yake. Aibu haimo katika kuiga, imo katika kukomea hapo.

Baada ya kupima haya yote, mwanafunzi huyo alinunua kisanduku kidogo cha mtumba, cha aina inayoweza kuunganishwa na tarakilishi na kuwa kiunganishi cha sauti. Jukwaani hukibeba peke yake mkobani. Chumbani hukitumia kupitishia sauti hadi kwenye programu ya bure. Tasnifu hulala nyumbani. Mshika mawili moja humponyoka, naye kilichomponyoka ni vivuli vingi vya kifahari ambavyo kisanduku cha zamani hakina uwezo wa kuvibeba.

Hasara hiyo inabebeka. Anayecheza dansi hotelini haulizi sauti ilikokotolewa wapi. Huuliza kwa miguu kama mdundo umemfikia. Kwa hivyo atakayesimama kwenye njia panda hii asianze na jina la kifaa. Aanze na shamba lake: hulima wapi, saa ngapi, na ni kitu gani asichokuwa tayari kukipoteza. Akishajibu hayo, jembe halitamchukua asubuhi nzima.