KUACHWA SI KWISHA

Ndugu msomaji, najua utashangaa. Katika jarida la Chama chetu cha Kiswahili umezoea kukutana na ngeli, mashairi ya tarbia na uchambuzi wa riwaya, na leo mimi nakuletea habari za mwimbaji wa Bongo Flava! Wapo watakaouliza, "Kuna Kiswahili gani humo?" Nawaomba subira. Wahenga walinena kuwa subira yavuta heri, nami naahidi kuwa tutafika.

Kwanza, sisi wa Kwale hatuwezi kusema kuwa nyimbo hizo ni mambo ya wageni. Panda matatu pale Ukunda, pita Msambweni, endelea na barabara mpaka Lunga Lunga, na ng'ambo ya pili ni Horohoro, Tanzania. Wadigo tuko huku na tuko kule, tunaoana na tunazikana. Nyimbo nazo haziombwi pasipoti mpakani. Ndiyo maana jina la Lady Jaydee limejulikana kwetu tangu mama zetu walipokuwa wasichana.

Jina lake hasa ni Judith Wambura. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1979. Albamu yake ya kwanza, Machozi, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ambapo muziki wa kizazi kipya ulikuwa umetawaliwa na sauti za wanaume. Watu wakampachika jina la Binti Machozi. Zikafuata Binti mwaka 2003, Moto mwaka 2005 na Shukrani mwaka 2007. Akaunda bendi yake ya Machozi, akawa anapiga muziki jukwaani kwa vyombo halisi, si kwa kanda tu. Mwaka 2005 aliolewa na Gardner G. Habash, mtangazaji maarufu wa redio, na Dar es Salaam nzima ikawajua kama kumbikumbi wa mvua moja.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Mwaka 2013 ukazuka mvutano mkali kati yake na wakuu wa kituo kikubwa cha redio, mpaka mambo yakafika mahakamani. Kwa wakati ule redio ndiyo iliyokuwa mlango wa mwanamuziki. Wimbo usipopigwa redioni ulikuwa kama haukuimbwa. Mwimbaji kugombana na redio ni sawa na mvuvi wa Gazi kugombana na bahari, atavua wapi? Hata hivyo mwaka huohuo alitoa albamu, akaipa jina la Kiingereza lenye maana ya "ukweli mtupu". Haujapita muda, kufikia mwaka 2014, ndoa nayo ikavunjika, na talaka ikafuata. Marehemu Gardner alifariki mwaka 2024, na sababu za kuachana kwao ni zao wawili. Mimi sikuwepo wala wewe hukuwepo. Ninalolijua ni kwamba watu walisema sana. Aliyekuwa malkia akawa maskini ya Mungu wa kuhurumiwa na kuchekwa, na wengi wakasema, "Huyo basi tena, kwisha habari yake."

Kikapita kimya. Kisha, mwezi wa Aprili mwaka 2016, akatoa wimbo uitwao Ndi Ndi Ndi.

Hapa sasa ndipo Kiswahili kinapoingia! Wanachama wenzangu, tumefundishwa tanakali za sauti: anguka pu, nyamaza ji, jaa pomoni, funga ndi. Fundo likikazwa ndi, halifunguki kwa urahisi. Wengine hulikariri neno hilo kwa ajili ya mtihani na wakilipata alama moja wanalisahau. Yeye alilichukua akalipiga mara tatu, akalifanya jina la wimbo wa kusimama imara. Angeweza kuandika hotuba nzima ya kujitetea. Alichagua tanakali.

Mwaka huohuo wa 2016, mama mdogo wangu alirudi nyumbani kwa nyanya, Msambweni. Alikuwa ameishi Likoni na bwana wake kwa miaka tisa. Alishuka kwenye matatu na watoto wawili, sanduku moja na godoro lililofungwa kwa kamba juu ya paa la gari. Talaka alikuwa nayo kwenye bahasha. Nilikuwa darasa la kwanza tu, lakini masikio yangu yalikuwa yamekua kunishinda.

Alimalizia eda yake pale kwa nyanya. Majirani walikuja kumpa pole, na wengine walikuja kumpima kwa macho. Mmoja alikuja kuomba chumvi akakaa saa nzima. Kisha ikatokea arusi kijijini. Kabla hajaolewa, mama mdogo ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za wanawake ngomani, na kigelegele chake kilijulikana hata ukiwa mbali barabarani. Siku hiyo alivaa leso mpya akaenda. Mlangoni pa chumba cha bi arusi akaambiwa, "Wewe kaa huku nje na sisi, mwanangu." Hakutukanwa, aliambiwa kwa upole. Nadhani upole ule ndio uliomuuma zaidi, kwa kuwa tusi angelijibu. Kila mtu pale alielewa kuwa mtalaka hatakiwi karibu na bi arusi, asije akamtia nuksi. Alirudi nyumbani mapema, akaikunja ile leso akaiweka sandukuni.

Wimbo wa Ndi Ndi Ndi tuliusikia kwenye simu ya binamu yangu. Aliupiga asubuhi, akaupiga mchana, akaupiga usiku mpaka nyanya akalalamika. Mama mdogo akauliza, "Huyu si ndiye aliyeachwa?"

Nyanya akamjibu bila kugeuka, "Huyo ana pesa. Wewe una nini?"

Mama mdogo hakusema kitu. Lakini hazikupita siku nyingi nikamwona amepiga magoti, anavuta kitu chini ya kitanda cha nyanya. Ilikuwa cherehani ya zamani ya mkono, imejaa vumbi na buibui. Akaifuta, akaitia mafuta, akabadilisha sindano. Ilikuwa ikipiga kelele kama mtu mwenye kikohozi, lakini ikashona.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa sare za watoto wake wawili, maana walihamishiwa shule ya huku na hawakuwa na sare ya huku. Jirani mmoja aliona upindo wa sketi ulivyonyooka, akamletea ya bintiye. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Ilipokaribia Idd akaletewa vitambaa vya madera mpaka vikajaa kitandani, akawa anashona usiku na mimi namulika kwa tochi pale umeme ulipopotea. Mwaka 2017 akapanga kibanda kando ya barabara, akapata cherehani ya pili, ya kukanyaga kwa mguu.

Mwaka huohuo wa 2017 Lady Jaydee alitoa albamu nzima. Akaiita Woman, yaani Mwanamke. Ndi Ndi Ndi imo humo, na nyimbo za mapenzi pia zimo. Mimi nimelifikiri sana jina hilo. Angeweza kuiita Kisasi, na watu wangeinunua kwa hamu ya umbea. Angeweza kuiita Talaka. Lakini yeye alikuwa mwanamke kabla ya kuolewa, alikuwa mwanamke alipokuwa mke wa mtu, na alipoachwa hakupungua kitu katika hilo. Hilo ndilo nililolisoma katika jina la albamu.

Sasa turudi kwenye swali la nyanya, kwa kuwa ni swali la haki. Rafiki yangu mmoja wa darasani naye aliniuliza vilevile: "Unalinganishaje nyota wa Dar es Salaam na fundi wa Msambweni? Mwenzio ana jina!"

Basi tutazame mbali kidogo. Tina Turner wa Marekani alimkimbia mumewe aliyekuwa akimpiga mwaka 1976. Talaka ilipokamilika mwaka 1978, alichong'ang'ania katika mali yote ya ndoa kilikuwa ni haki ya kulitumia jina lake la jukwaani. Madeni yalimwandama. Aliimba popote alipoitwa, katika vilabu na mahoteli, ili ayalipe. Albamu yake iliyomrudisha, Private Dancer, ilitoka mwaka 1984, naye ana umri wa miaka 44. Hesabu mwenyewe: tangu kukimbia hadi kurudi ni miaka minane. Watu huona ule usiku wa tuzo wa mwaka 1985. Miaka minane ya kuimba huku watu wakila chakula chao hakuna anayeitaja.

Na kama Marekani ni mbali, njoo Unguja. Siti binti Saad alizaliwa kijijini Fumba na alikuwa akiuza vyungu kabla hajajulikana. Alipoanza kusifiwa kwa taarab, alitungiwa maneno ya kumdhihaki kwa umaskini wake na asili yake. Akajibu kwa kuimba. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri kwa Kiswahili, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake tunaousoma mpaka leo. Kwa hiyo, wapenzi wa Kiswahili, habari hizi za mwimbaji kusemwa na kusimama si za Bongo Flava pekee. Zimo hata kwenye rafu ya maktaba yetu.

Hata hivyo sitaki kumpamba mtu kwa maua ambayo si yake. Mwaka jana nilimuuliza mama mdogo kama ni kweli ule wimbo ndio uliomwinua. Alicheka mpaka akatoa mguu kwenye kanyagio.

"Mwanangu, wimbo haushoni nguo," alisema. "Mimi niliamka kwa sababu shule ilitaka sare na ndugu zako hawakuwa nazo." Akaunga uzi uliokatika, kisha akaongeza, "Lakini ulinipa neno. Watu wakiniuliza hali nilikuwa nasema, 'Tupo tupo tu.' Nikaanza kusema, 'Ndi!' Wakawa hawana la kuendeleza."

Basi hapo ndipo nilipoelewa tofauti. Nyota hawezi kukupa mtaji wala kukulipia kodi ya kibanda. Anachoweza ni kukupa neno, na neno ukilipata wakati wake ni kama fimbo ya mzee: haikubebi, lakini unaiegemea.

Tena kurudi si kwa siku moja. Mwaka 2020 Korona ilipofunga shule, nani angeshona sare? Kibanda kilifungwa wiki kadhaa na kodi ikalimbikizana. Serikali ilipoamuru watu wavae barakoa, mama mdogo alikata vipande vya madera vilivyobaki akashona barakoa, akawauzia abiria na makondakta wa matatu. Akasimama tena. Lady Jaydee naye mwaka 2021 alitoa albamu nyingine, ya kuadhimisha miaka ishirini ya muziki. Wale waliosema "kwisha habari yake" sijui walikuwa wapi siku hiyo.

Sasa, mwenzangu, kwa nini nimeyaandika haya katika jarida la shule? Kwa sababu mamangu hufua katika hoteli moja huko Diani, na msimu wa wageni wachache ukifika, wafanyakazi wa vibarua huambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Mwaka jana aliambiwa hivyo mwezi wa Aprili, shule zinafunguliwa. Karo yangu ya muhula wa pili ilitoka kwenye kile kibanda cha barabarani. Noti zilikuwa za mia mia na za hamsini, zimekunjwa, nyingine zina vipande vya nyuzi. Mhasibu alizihesabu mara mbili. Kila ninapoandika insha katika shule hii, naandika kwa sindano ya mwanamke aliyekatazwa kuingia chumba cha bi arusi.

Na bado, hapahapa bwenini, nimesikia mwenzetu akitaniwa kwa kuitwa "mwana wa mtalaka". Ati ni mzaha tu. Ninyi mnaocheka, mnajua ni wangapi kati yetu mama zao wamerudi kwa wazazi wao? Tukianza kuhesabiana vitanda, kicheko kitakwisha mapema. Anayeimba nyimbo za Jaydee bafuni asubuhi, kisha jioni akamcheka mtoto wa mwanamke aliyeachwa, huyo kaupenda mdundo, maneno hayakumfika.

Nawaomba walimu wetu pia, kwa heshima zote. Mwanafunzi anaposema, "Baba hayupo nyumbani," asiulizwe sababu mbele ya darasa. Atakuja kusema mwenyewe akiwa tayari, au asiseme kabisa, na yote mawili ni haki yake.

Mwezi wa Disemba kuna arusi nyingine kule kwetu. Nguo za bi arusi na za wasimamizi wake zinashonwa na mama mdogo. Ameshaambiwa kuwa siku hiyo ndiye atakayemvisha bi arusi, maana fundi ndiye ajuaye vifungo vilipo. Nilimuuliza kama ataongoza nyimbo. Alisema koo limekauka siku nyingi, ataona. Mimi nimemfahamu, ile leso ameitoa sandukuni na kuipiga pasi.