Raundi Tatu za Mwisho

Jumapili, 14 Septemba 2025

Alfajiri kibanda umiza kilijaa hadi mlangoni. Terence Crawford kamshinda Saúl "Canelo" Álvarez kwa pointi huko Las Vegas, majaji wote watatu wakiwa upande wake. Mtu aliyetwaa ubingwa wake wa kwanza wa dunia mwaka 2014 katika uzito wa kilo 61, leo kashika mikanda yote mikubwa ya kilo 76. Miguu imetulia, macho yanasoma, akibadili mkono wa mbele mpinzani hajui konde litatokea wapi.

Tulipotoka nje vijana wakatangaza kuwa kampita Sugar Ray Robinson. Mzee mmoja akawauliza, "Wanangu, Robinson mmemwona akipigana raundi ngapi?" Wakacheka, wakaenda zao. Mimi swali lile nimerudi nalo nyumbani.

Jumatatu, 15 Septemba

Nianze na miili. Katika uzito wa juu, ulinganisho wa mabondia wa zamani na wa leo unaharibika mapema. Rocky Marciano alistaafu na mapambano 49 bila kupoteza hata moja, lakini alikuwa na kilo 84 hivi. Leo asingepangwa na wazito wa juu, maana uzito ulio chini yao unafika hadi kilo 90.7. Oleksandr Usyk alipomshinda Tyson Fury mjini Riyadh, Mei 2024, alikuwa mwepesi kuliko Fury kwa zaidi ya kilo 17. Hata hivyo, huyo "mwepesi" alikuwa na kilo 101, mzito kuliko Joe Louis wa enzi zake.

Kwenye uzito wa chini mambo ni tofauti. Kikomo cha welta kilikuwa kilo 66.7 Robinson alipotwaa ubingwa mwaka 1946, na bado ni hichohicho. Hapo mizani inatupa haki ya kulinganisha. Tofauti ni kwamba zamani bondia alipimwa siku ya pambano, na leo anapimwa siku moja kabla. Anajikausha hadi afikie kilo zinazotakiwa, kisha anakunywa na kula, anapanda ulingoni akiwa mzito kuliko ilivyoandikwa.

Jumatano, 17 Septemba

Kabla ya Canelo, Crawford alipigana mara ya mwisho Agosti 2024. Mwaka mzima na zaidi umepita katikati. Robinson alipoteza kwa Jake LaMotta mjini Detroit tarehe 5 Februari 1943. Tarehe 19 akapigana na Jackie Wilson, akashinda. Tarehe 26 mwezi uleule akarudi Detroit, akamshinda LaMotta. Hadi anastaafu mwaka 1965 alikuwa amepanda ulingoni takribani mara 200.

Sisemi kwamba wa leo ni wavivu. Pambano moja kubwa linawalipa fedha ambazo Robinson hakuziota, na kupoteza mara moja kunawashusha bei. Lakini ulingo ni mwalimu. Aliyekutana na kila mtindo, tena mara kwa mara, anajua mambo ambayo mazoezi peke yake hayafundishi.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo nimekaa na suala la raundi. Mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15. Leo ni 12. Watu huliona jambo dogo. Acha niandike mapambano matatu.

Juni 1941, New York: Billy Conn anaongoza baada ya raundi 12 dhidi ya Joe Louis. Raundi ya 13 anataka kummaliza, anaangushwa kwa KO.

Juni 1952, Yankee Stadium, katika joto la takribani nyuzi 40: Robinson, bingwa wa uzito wa kati, anamfukuzia Joey Maxim aliyemzidi kilo 7 hivi. Anaongoza kwa majaji wote. Baada ya raundi ya 13 mwili unakataa, hawezi kuinuka kitini.

Septemba 1981, Las Vegas: Thomas Hearns anaongoza kwa pointi, Ray Leonard anamsimamisha raundi ya 14.

Kwa sheria ya leo, Conn, Robinson na Hearns wote wangeshinda. Kwa hiyo anayeuliza "nani mkali?" ataje kwanza sheria. Bondia wa raundi 15 aligawa pumzi yake kwa hesabu nyingine kabisa.

Jumatatu, 22 Septemba

Lakini sitaki kuzisifia raundi zile kama mtu asiyejua gharama yake. Novemba 1982 Duk Koo Kim wa Korea Kusini aliangushwa na Ray Mancini raundi ya 14, akafariki siku chache baadaye. Ndipo chama cha ngumi cha WBC kikapunguza raundi hadi 12, vyama vingine vikafuata. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Na sisi Afrika Mashariki tunajua kuwa kupunguza hakukumaliza hatari: Robert Wangila wa Kenya, aliyeleta dhahabu kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki Julai 1994 baada ya pambano Las Vegas. Ubishi wetu wa vibandani unahusu watu wanaoweka roho zao rehani. Tuwataje kwa heshima.

Alhamisi, 25 Septemba

Hukumu yangu, baada ya kupima yote:

Uzito wa juu nawapa wa leo. Ukubwa ukijumlishwa na ufundi kama wa Usyk, Louis na Marciano wangepata shida kubwa.

Kuanzia uzito wa kati kushuka chini, nawapa wa zamani. Madaraja ya uzito yalikuwa manane tu, leo ni 17, na kila moja lina mikanda minne mikubwa. Kuwa bingwa wakati ule kulimaanisha kuwapita wote.

Crawford na Robinson, wote wakiwa na kilo 66.7: kwa raundi 15 ni Robinson, bila kusita. Kwa raundi 12 bado ni Robinson, kwa pointi chache. Kupewa pambano la karibu na Robinson ni sifa ambayo mabondia wachache sana wa miaka hii wanaistahili, na Crawford anaistahili.