Siku Niliyomwacha Mume Wangu Nje Kwenye Mvua

Ijumaa moja ya masika, saa 5 usiku, mume wangu alirudi nyumbani akakuta geti limefungwa kwa ndani. Akagonga. Akapiga simu. Akagonga tena. Mimi nilikuwa sebuleni, hatua kama 15 kutoka aliposimama, macho kwenye kompyuta na hedifoni masikioni, naandika neno kwa neno mahojiano ya toleo la mwezi unaofuata. Simu nilikuwa nimeiacha chumbani kwa mtoto, mlio nimeuzima asije akaamka. Mwenzenu sina habari! Jirani yetu ndiye aliyepitisha mti wa fagio juu ya ukuta akagonga dirisha langu.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Baba mtoto akaingia maji yanamchuruzika mpaka kwenye soksi, akavua shati, akaniangalia, kisha akasema kwa upole: "Mimi nimelowa tu, nitakauka. Je, angekuwa ni mtoto analia?"

Kwa kweli sikuwa na jibu. Angenifokea ningejitetea, lakini swali lile lilinikalisha chini.

Ngoja nikueleze nilifikaje huko. Kazi ya uhariri haiishii ofisini. Mtoto akishalala, nakaa kwenye kompyuta yetu ya mezani kusikiliza mahojiano. Mdogo wangu aliyekuwa akisoma Ujerumani aliniletea zawadi, hedifoni za Beyerdynamic aina ya DT 770 Pro, zile kubwa zinazofunika sikio lote. Alikuta zinauzwa za omu 32, omu 80 na omu 250. Akachukua za 250, maana namba ni kubwa na dada yake anastahili kikubwa. Nani angemlaumu?

Kumbe omu si kipimo cha ubora! Ni ukinzani, yaani jinsi hedifoni inavyoubania umeme wa sauti unaoingia. Ya omu 32 inaridhika na kile kidogo inachopewa na simu. Ya omu 250 inataka volti nyingi zaidi ili ifike kwenye sauti ileile, na tundu la mbele la kompyuta yangu halikuwa nazo. Basi kila usiku napandisha sauti mpaka mwisho, na bado ninayemsikiliza ni kama anaongea yuko ndani ya kabati. Juu yake kuna mvumo, tena nikisogeza mausi, mvumo unageuka mlio wa mbu. Kazi ikiisha naweka muziki nipumzike, sauti sijaishusha, na muziki wenyewe si unajua ulivyorekodiwa kwa nguvu. Nikivua hedifoni, masikio yanaendelea kulia yenyewe. Nikawa najiambia ni uchovu.

Kesho yake asubuhi nikatangaza dawa: nanunua amplifaya ya hedifoni, ile ndogo ya kukaa mezani. Mume wangu akaweka kikombe chini. "Yaani jana hukunisikia, leo unataka kuongeza sauti?"

Nilicheka peke yangu.

Ilibidi nimwahidi kwamba sitanunua mpaka niweze kumweleza kwa nini. Nikaenda kwa fundi mmoja Kariakoo, kijana mdogo tu, nikamsimulia kila kitu mpaka habari ya mausi. Akatabasamu. "Dada, huo mvumo unatoka ndani ya kompyuta. Amplifaya haichagui. Ukiipa uchafu, itakukuzia uchafu."

Akanifafanulia hivi. Muziki au mahojiano ndani ya kompyuta ni namba tupu. Kuna sehemu inayozigeuza namba hizo kuwa umeme wa sauti, na wajuzi wanaiita DAC. Kwenye kompyuta nyingi sehemu hiyo imebanwa humohumo pamoja na vitu vingine vyenye kelele zake za umeme, na kelele hizo zinaweza kupenya mpaka kwenye tundu la hedifoni. Ndiyo maana mtu mwenye tatizo kama langu anashauriwa achukue kifaa kinachochomekwa kwa waya wa USB, chenye DAC na amplifaya pamoja, ili sauti izaliwe nje ya ile fujo.

Lakini hakuniuzia siku ile. Aliniazima kwanza kile kiwaya kifupi cha USB chenye tundu la hedifoni upande wa pili, cha bei ndogo kabisa. "Kikikutosha, hela yako nunulia mtoto maziwa." Na wewe msomaji naomba uanzie hapo. Kama hedifoni zako ni za omu 32, huenda safari yako ikaishia hapo hapo. Kwangu mvumo wote ulitoweka, nikafurahi, ila mahojiano yaliyorekodiwa kwa sauti ya chini bado yalikuwa hayapandi vya kutosha. Hapo ndipo nilipojua kwamba sasa nahitaji amplifaya kweli, si kwa tamaa.

Sasa usiombe ukutane na wauzaji! Kila mmoja anakutajia wati. Nikafanya hesabu yangu. Watengenezaji wanasema hedifoni zangu zikipewa miliwati 1 zinatoa desibeli 96, ambayo tayari ni kelele. Zikipewa miliwati 25 zinakaribia desibeli 110, sauti ya kukimbiwa. Sasa amplifaya ya wati 2, yaani miliwati 2,000, mimi naipeleka wapi? Harusini?

Na bei je? Nayo isikutishe. Mwaka 2011 kuna mtu aliyejiita NwAvGuy, jina lake halisi hakulitaja, alitoa bure mchoro wa amplifaya ndogo iitwayo O2, na vipimo vyake vikashindana na vya mashine za bei mara kadhaa. Mwaka 2012 akanyamaza, lakini mchoro wake ukabaki watu wanautengenezea vifaa. Tangu nisome habari hiyo, kila muuzaji akiniambia "ghali ndiyo nzuri" namwangalia tu.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Amplifaya nayo ina ukinzani wake upande wa kutolea sauti, na kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa zangu za 250 sina wasiwasi. Kwa hedifoni ya omu 32, tafuta amplifaya isiyozidi omu 4, la sivyo besi inaweza kuvimba na sauti ikabadilika.

Na umeme, jamani! Shangazi yako aliyeko Marekani akikutumia amplifaya, soma kwanza maandishi kwenye adapta yake. Kule ni volti 120, hapa kwetu ni 230. Adapta isiyoandikwa kwamba inafika 240, ukiichomeka hapa bila transfoma ya kushusha umeme, unaweza kuiunguza siku hiyo hiyo.

Nilipochagua hatimaye, nilichukua kidude cha ukubwa wa kitabu cha hadithi. Jina silitaji usije ukadhani nimelipwa. Kilichonivutia ni mambo mawili. Kina swichi ya kuchagua ukuzaji mdogo au mkubwa, na mbele kina kitufe kikubwa cha kuzungusha, unakigusa bila hata kuangalia. Jioni ile nilimwita mume wangu, nikamvalisha hedifoni, nikamwekea mahojiano ya bibi mmoja ambaye sauti yake ilikuwa ikinisumbua wiki nzima. Kitufe kilikuwa chini ya nusu. Akasikiliza, akavua hedifoni, akasema: "Kumbe na wewe ulikuwa husikii."

Maneno yale yaliniingia. Mimi nilidhani napandisha sauti kwa sababu naipenda kazi. Nilikuwa napigana na mvumo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima! Mimi nilikuwa nakaa na hedifoni saa 3 kila usiku. Piga hesabu mwenyewe. Sasa sauti ikiwa safi, ya chini inatosha, na masikio yangu hayajalia tena.

Hata hivyo nisikudanganye, mpenzi msomaji. Hakuna amplifaya inayoweza kukuambia kwamba mtoto ameamka. Hedifoni zinazofunika sikio bado zinaziba hata sauti ikiwa chini. Kwa hiyo tuliwekeana masharti, tena aliyeyatoa mengi ni mimi. Simu inakaa mezani, kioo kinatazama juu, nione taa ikiwaka. Mume wangu akiwa hajarudi, au akiwa amelala na zamu ya mtoto ni yangu, sikio moja linabaki wazi. Na mtu akiingia sebuleni, mkono unakwenda kwenye kitufe kabla hajafungua mdomo. Zamani nilikuwa nainua kidole kumwambia subiri. Mwaka mzima nilimwinulia mume wangu kidole, wala sikujua kama kinamuuma mpaka aliponiambia.

Wiki iliyopita nilikuwa tena na mahojiano, saa 5 kasoro, baba mtoto hajarudi. Sikio la kulia wazi. Nikasikia geti, mara ya kwanza tu. Nikazungusha kitufe kushoto mpaka kikagota, nikatoka mbio. Mvua ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kudondoka. Akaingia shati kavu, akanitazama masikioni, akaenda kuangalia chakula jikoni huku akipiga mluzi.