Mtoto Anashusha Ngeli Kama Mmarekani, Ila Salamu ya Bibi Ikamshinda

Pale Mfaranyaki, Songea, kuna saluni moja ambayo wateja walikuwa wanaifuata kwa mambo mawili: rasta za bei poa na mtoto wa mwenye saluni. Dogo ana miaka 5 na anashusha ngeli utadhani kazaliwa Marekani. Rangi zote anazitaja, namba anakwenda mpaka hamsini, wanyama anawajua hata wale ambao Ruvuma nzima hawapo. Mteja akishakaa kusukwa, simu inatoka, dogo anarekodiwa, jioni yuko kwenye status za watu. Mama yake, dada wa miaka 26 aliyemaliza kidato cha nne na Kiingereza cha kuungaunga, alikuwa anatembea kifua mbele.

Siri ya dogo ni katuni. Mama anasuka tangu asubuhi, dada wa kazi hana, basi simu ya zamani inawekwa bando na mtoto anakaa kona na YouTube mpaka chaji iishe. Usimcheke. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, halafu ukifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Yeye alipita hapo na hakutaka mwanawe apite hapo hapo. Ndiyo maana ada ya English medium inalipwa kwa mafungu, na baba mtoto, dereva wa malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka kwenda Mtwara, anatuma hela kila mwisho wa mwezi huku ananung'unika.

Kasheshe lilianzia shuleni. Mwalimu wa dogo alimwita mama akamwambia kwa upole kwamba mtoto anajua majina ya vitu, ila hajibu. Ukimuuliza jana ulikula nini, iwe kwa Kiingereza au Kiswahili, anakuangalia tu, au anakurushia sentensi ya kwenye katuni isiyohusiana kabisa na swali. Baba naye akipiga simu usiku, dogo anasema "bye" hata hajasalimiwa. Jamaa akawaka. "Yaani nalipa ada ili mtoto wangu asiongee na mimi?" Akataka katuni zifutwe na dogo ahamishwe shule muhula ukiisha. Wiki mbili wenyewe wakawa wanaongea mambo ya hela tu.

Katikati ya moto huo akaja bibi mzaa baba, kutoka Namtumbo, kutibiwa macho. Dogo akamwona mlangoni: "Hi!"

"Nipo hai, mjukuu wangu, namshukuru Mungu," bibi akajibu. "Shikamoo yangu iko wapi?"

Saluni nzima ilicheka. Mama hakucheka.

Usiku ule umeme ukakatika. Bibi akakaa kitandani, akaita: "Hadithi! Hadithi!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Waliolelewa na hadithi wanajua kwamba asipoitikiwa "Hadithi njoo," msimuliaji haendi popote. Bibi akajifunika khanga, akalala zake. Usiku wa pili, vile vile. Wa tatu ni dogo mwenyewe aliyemvuta ile khanga: "Bibi, njoo." Hakupatia, lakini bibi akaipokea, na sungura akaanza safari.

Hapo mama akashtuka. Katuni usipoijibu inaendelea tu, tena inakuletea nyingine. Bibi usipomjibu anasimama.

Wanaotengeneza katuni za maana wanalijua hilo. Chukua Akili and Me, ya Ubongo, pale Dar es Salaam. Akili ni msichana wa miaka 4 anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala anaingia Lala Land kwa marafiki zake wanyama. Ipo ya Kiswahili na ya Kiingereza, na inamuuliza mtoto maswali. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa 2018, kwa watoto zaidi ya 500, ulikuta walioitazama wanafanya vizuri zaidi kwenye kuhesabu, maumbo na hata Kiingereza kuliko waliotazama vipindi vingine. Kwa hiyo baba mtoto naye alikuwa anapiga ukuta usio na kosa. Ila Akili hata akiuliza vizuri namna gani, jibu halisikii. Lazima awepo mtu pale pembeni.

Basi saluni ikifungwa, nusu saa, watatu kwenye mkeka. Mama anaisimamisha video, anauliza kinachofuata. Na bibi kutojua Kiingereza ndiko kulikokuwa dawa, maana dogo ilibidi amweleze.

"Huyo simba mbona hali watu?"

"Ni rafiki, bibi. Friend."

"Furendi."

"Siyo furendi, bibi!" Na mwalimu mdogo akaanza kufundisha.

Wakafika mpaka Tinga Tinga Tales, ile iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, yenye hadithi za kwa nini mnyama fulani yuko alivyo. Michoro yake imefuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, ambaye alizaliwa Tunduru, hapo hapo Ruvuma. Bibi aliangalia vipindi viwili akasema hizi wamechukua kwetu. Hajakosea sana.

Siyo kwamba mambo yamenyooka. Kuna siku mama kachoka, simu inalea mtoto kama zamani. Baba bado hataki kusikia neno katuni, na habari ya kuhama shule haijafutwa.

Juzi alipiga akiwa kapaki lori Tunduru. Dogo akapokea, akatoa shikamoo, halafu akaanza mwenyewe: fisi alikuwa na njaa, very hungry, akafika njia panda, nyama inanukia huku, nyama inanukia huku... Mtandao ukakata.

Simu ikaita tena baada ya dakika moja. Jamaa hakumuulizia mama, wala habari ya hela. Hadithi yenyewe anaijua tangu Namtumbo, kwa mdomo wa mama huyo huyo.

"Enhe, baba," akasema. "Akashika njia ipi?"