Nani Apande: Gari au Mtu?

Ndege za usiku kutoka Afrika Mashariki kwenda Uholanzi kwa kawaida hutua Schiphol asubuhi na mapema, na hoteli nyingi za Amsterdam hazitoi chumba mpaka mchana. Ushauri anaopewa mgeni ni uleule: usilale, acha begi mapokezi, toka nje utembee. Ni ushauri wenye msingi. Saa ya mwili huongozwa zaidi na mwanga unaoingia machoni, na mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, unaizidi taa ya chumbani kwa mbali. Kwa anayetoka nyumbani tofauti ya saa yenyewe ni ndogo, moja wakati wa kiangazi chao na mbili wakati wa baridi, kwa hiyo kinachomsumbua hasa ni usiku mzima wa kukaa kitini. Ndugu zetu wanaotoka Toronto au Minneapolis ndio wanaovuka saa sita au saba, na miili yao huhitaji siku kadhaa kutulia. Lakini wote hao hushuka kituo cha Centraal na usingizi machoni, wakaanza safari ya miguu katika mji wasioujua.

Mtu wa namna hiyo ndiye mtahini mzuri wa mji wowote. Utafiti umeonyesha kwamba aliyekaa macho saa 17 hadi 19 huchelewa kuitikia sawa na mtu mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu, na hicho ndicho kiwango ambacho sheria ya Uholanzi humkataza dereva kukivuka. Yaani kila asubuhi Amsterdam inapokea watu wengi ambao si busara kuwakabidhi usukani, na inawaachia mitaa yake wazurure. Mji unaoweza kumbeba mtu huyo bila kumuumiza utamweza pia mtoto wa darasa la kwanza, mjamzito na mzee mwenye fimbo. Hoja yangu ni kwamba raha ya kuitembea Amsterdam, tofauti na wanavyotuambia waandishi wa safari, haitokani kwanza na mifereji wala nyumba za karne ya 17. Inatokana na uamuzi kuhusu nani ampishe nani, na uamuzi huohuo kwetu umefanywa pia, ila umefanywa dhidi ya walio wengi.

Angalia makutano madogo, mahali ambapo kichochoro cha makazi kinaingia barabara kubwa. Sehemu nyingi za Uholanzi njia ya watembea kwa miguu haikatiki hapo. Matofali yaleyale yanaendelea, kwa kimo kilekile, kutoka kona hii hadi ile, na gari linalotaka kupita ndilo linalopanda kijituta, linavuka taratibu na kushuka upande wa pili. Dereva anajua yuko katika eneo la watu kabla hajasoma kibao chochote. Mwenye usingizi hashushi mguu, hahesabu ngazi, pengine hata hatambui kwamba amevuka barabara. Sheria inasimama upande wake vilevile: mwenye gari akimgonga mtembea kwa miguu hubeba dhima ya madhara, isipokuwa aonyeshe kwamba jambo lile lisingeweza kuepukika. Na tangu Desemba 2023 barabara nyingi za mji huo zimewekewa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa. Sisemi ni peponi. Baiskeli za Amsterdam hazina huruma, na mgeni akiingia kwenye njia yao ya lami nyekundu akidhani ni mahali pa kupigia picha atapigiwa kengele, na maneno juu yake. Tramu nayo inakuja kimya kuliko inavyostahili. Ila njia nyekundu imetiwa rangi ili ionekane na hata anayesinzia.

Sasa tugeuke tutazame Barabara ya Thika jijini Nairobi, au ya Morogoro pale Manzese, Dar es Salaam. Kwetu anayepanda ni mtu. Barabara ya Thika ilipanuliwa na kukamilika mwaka 2012, na ili magari yasisimame, mama mwenye mzigo kichwani amejengewa daraja la juu: apande ngazi, atembee, ashuke, huku magari yakipita chini bila kugusa breki. Wanaokataa na kukimbia katikati ya magari huitwa wajinga. Si wajinga, wanapiga hesabu ya miguu yao jinsi dereva anavyopiga hesabu ya mafuta. Na hawa si wachache. Nairobi karibu safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu pekee, na abiria wote wa matatu huanza na kumaliza safari zao kwa miguu. Takwimu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, mwaka baada ya mwaka, huwaweka watembea kwa miguu mbele ya kundi lingine lolote la wanaokufa barabarani Kenya. Mji wenye watembeaji wengi namna hiyo ulipaswa kuwa bingwa wa kuwatunza. Badala yake njia ya miguu, pale ilipo, inaishia ghafla kwenye mtaro uliopoteza kifuniko, au inageuzwa njia ya mkato ya bodaboda foleni inapokaza.

Jibu la haraka ni kwamba wenzetu wana hela, na mji wao ulijengwa kabla ya magari. Nusu ya kwanza naikubali, ya pili haitoshi. Uholanzi ya mwaka 1971 ilizika watu wapatao 3,300 waliouawa barabarani, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto, na viwanja vya miji yake vilikuwa maegesho. Wazazi waliingia barabarani kudai watoto wao wasiuawe. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ukaleta Jumapili zisizo na magari. Mwaka 1975 wakazi wa mtaa wa Nieuwmarkt, Amsterdam, walipambana na polisi kupinga nyumba kubomolewa kupisha reli ya chini ya ardhi. Reli ilijengwa, lakini mpango wa kupitisha barabara kuu katikati ya mtaa huo ukafa. Ukale wa mji haukuwaokoa, maana ukale huohuo ulikuwa unabomolewa. Waliouokoa ni watu waliosumbua wakubwa. Kuhusu hela, Nairobi ilipata barabara ya kulipia ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo mwenye miguu haruhusiwi hata kuikanyaga. Matofali na vifuniko vya mitaro ni bei ndogo sana mbele ya nguzo za barabara hiyo.

Jua nalo hutajwa. Lakini Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa katika jua hilohilo, na watu wametembea humo karne kwa karne: vichochoro vyembamba, kuta ndefu zinazotupa kivuli, baraza nje ya mlango ambapo aliyechoka anakaa bila kuulizwa ameagiza nini. Tuliujua mji wa miguu kabla ya kuuona Ulaya. Kinachotushinda si jua, ni barabara pana iliyokatwa miti yake.

Hoja ngumu zaidi ni ya machinga na vibaka. Ni kweli njia za miguu zikijaa meza, mtu hushuka barabarani. Dar es Salaam iliwaondoa machinga kwenye njia hizo mwishoni mwa mwaka 2021, na waliohamishwa walilalamika kwamba huko walikopelekwa wateja hawapiti. Malalamiko yao ni ushahidi: mtembeaji ndiye mteja. Njia pana yenye sehemu ya meza na sehemu ya kupita ingewafaa wote wawili. Kibaka, kwa upande wake, anapenda giza na upweke kuliko anavyopenda watu. Amsterdam pia ina wachomoaji wa pochi, na hakuna aliyeshauri kwa ajili yao kwamba watu waache kutembea.

Mtaa wa Wabera, katikati ya Nairobi, ulitengenezwa upya miaka ya karibuni kwa kuwapa watembeaji nafasi zaidi, na haukuhitaji muujiza. Basi wewe uliyeko ughaibuni, unayetuma hela za ujenzi na ambaye sauti yako inasikilizwa na diwani au MCA wa kwenu, ukisikia barabara mpya inakuja mtaani usiulize kwanza ina njia ngapi za magari. Uliza mtoto wa shule atavukia wapi, na usikubali jibu lenye ngazi.