Ukungu wa vita angani: ramani iseme habari zake ni za lini

Wiki mbili zilizopita binamu yangu alikuja kwangu hapa Eldoret kunijaribia gemu ninayoiandika jioni baada ya kazi. Ni gemu ya mkakati: nyota 120, majeshi mawili, mnacheza kwa zamu. Baada ya saa mbili alituma meli zake zote kwenye nyota ambayo ramani ilionyesha haina mlinzi. Zikakuta kundi kubwa la adui, zikaisha zote.

"Kaka, ramani yako inadanganya," akaniambia.

Nilikasirika kidogo, halafu nikafungua programu nikaona amesema kweli. Kila nyota nilikuwa nimeipa alama moja tu: imeonekana au haijaonekana. Chombo chake cha upelelezi kilipita pale zamu ya 12, hakukuwa na mtu. Zamu ya 51 ramani bado ilikuwa inasema hakuna mtu.

Kosa hilo nililitoa kwenye magemu ya ardhini. Kwenye StarCraft (1998), mahali usipofika ni peusi, na ulipopita ukaondoka panabaki na kivuli. Ardhini inafaa, maana kilima ulichokiona jana leo kipo. Angani hakuna vilima. Nyota zote unaziona tangu mwanzo; kinachofichika ni meli, na meli hazikai mahali pamoja.

Wanaosafiri kwenda Nakuru wanalijua jambo hili. Ukimwuliza dereva wa matatu kama kuna ukungu Timboroa, swali la pili ni: ulipita saa ngapi?

Mfano mzuri wa upelelezi wa angani tunao Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutafuta miale ya eksirei angani. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kama dakika 12, ikipiga msasa anga kipande kwa kipande. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339.

Lakini Uhuru haikuweza kuonyesha nukta. Ilichora kisanduku: chanzo kiko mahali fulani humu ndani. Chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kilipata nyota yake baada ya darubini za redio, mwaka 1971, kukamata mawimbi kutoka eneo hilo hilo. Leo tunajua kando ya nyota ile kuna shimo jeusi.

Basi nikaiga. Badala ya ndiyo au hapana, kila nyota sasa inabeba namba ya zamu ilipoonekana mara ya mwisho, na ramani inaiandika pembeni. Meli za adui zinachorewa duara: kasi yake mara zamu zilizopita. Meli iendayo hatua 3 kwa zamu, iliyoonekana zamu 4 zilizopita, ina duara la hatua 12. Ukipeleka mpelelezi mwingine, duara linakatwa. Likizidi nyota kumi nalifuta kabisa, kwa sababu duara linalofunika kila kitu halimwambii mchezaji lolote.

Mabadiliko yenyewe hayakufika mistari 60, lakini mchezo umegeuka. Zamani mpelelezi alikuwa wa kutupwa: ukishafungua ramani huna haja naye. Jumamosi binamu alirudi, na mara hii alikuwa anawalinda wapelelezi wake kama mayai. Alishindwa tena, ila alishindwa akijua kwamba habari aliyoitegemea ilikuwa na umri wa zamu 9.

"Hapo nimejiponza mwenyewe," akasema.

Kazi iliyobaki ni kompyuta. Yenyewe bado inaona ramani nzima bila ukungu wowote, na huo ni wizi. Wiki hii nataka nayo ianze kukisia kama sisi. Nikifaulu nitawaeleza.