Ubuntu Ina Ndugu, Mbona Hawaonekani?

Tangu niache chuo, nusu ya meseji ninazopata hazihusu video zangu. Ni hizi: "Bro, lapi yangu ya mtumba ina RAM ya GB 2, Windows imeilemea, niweke nini?" Wengi wameshaambiwa waweke Ubuntu kwa sababu ni ya bure. Sawa. Hata jina ni lile lile "utu" letu, na aliyeanzisha mradi mwaka 2004, Mark Shuttleworth, ni wa Afrika Kusini.

Sasa fungua tovuti yao upakue. Unayeletewa mbele ni Ubuntu yenyewe. Toleo la 24.04 ni faili la karibu GB 6, na wanapendekeza RAM ya GB 4. Mwenye GB 2 anamaliza bando, mashine inakokota, anaamua lapi imekufa na kuiuza vipuri.

Na wallahi dawa yake ipo. Lubuntu ni ndugu wa damu: mfumo wa ndani ni ule ule, kinachobadilika hasa ni sura unayoiona. Ubuntu inatumia GNOME, Lubuntu inatumia LXQt, nyepesi zaidi. Kuna Xubuntu yenye Xfce, kuna Kubuntu, na Edubuntu ya mashule iliyofufuka 2023. Wote wana ukurasa wao, ila ni lazima ujue wapo ndiyo uutafute. Halafu wanawaita "ladha", kama aiskrimu. Mgeni atajuaje kwamba ladha moja ndiyo inayofaa lapi yake?

Ukifika gati ya Shimoni unataka kuja kwetu Wasini, nahodha hakurushii boti kubwa kwanza. Anauliza: mko wangapi? Mnavuka tu ama mnaenda Kisite kuona pomboo? Jibu lako ndilo linachagua chombo. Tovuti nayo iweke swali moja juu ya kitufe cha kupakua: una RAM ngapi?

Kuna watakaosema machaguo mengi yanamchanganya mgeni. Kweli, orodha inachanganya. Lakini swali si orodha. Pia naelewa Canonical wakitanguliza ya kwao, maana hizo ladha zinatunzwa zaidi na watu wa kujitolea. Basi wawatanguliza baada ya kuuliza.

Kwa sasa nimebandika kwenye wasifu wangu: GB 2, nenda lubuntu.me moja kwa moja. Na usifungue tabo ishirini za kivinjari, tafadhali.